Taa Moja, Miche ya Pilipili ya Vimo Tofauti: Ifuate Upi?

Ikifika Februari, watu wa Afrika Mashariki wenye bustani katika nchi za baridi huanza kusia pilipili ndani ya nyumba. Hawana njia nyingine. Minneapolis, jiji la jimbo la Minnesota ambako Wakenya na Wasomali ni wengi, baridi ya kugandisha inaweza kupiga hadi katikati ya Mei, kisha ikarudi mwanzoni mwa Oktoba au kabla ya hapo. Pilipili mbuzi inataka takriban miezi mitatu, wakati mwingine zaidi, tangu kupandikizwa hadi tunda kuiva. Asiyeanza mapema chini ya taa huvuna matunda mabichi, au asivune kabisa.

Tatizo linaanza baada ya wiki tano au sita. Mche wa pilipili hoho umefika sentimita 20. Wa pilipili mbuzi, uliosiwa siku hiyohiyo, una sentimita 8. Wa pilipili kichaa ndio kwanza unafungua majani halisi. Taa ni moja. Mwenye trei akiuliza afanye nini, anapewa majibu yanayopingana: pandisha taa, shusha taa, inua mifupi, kata vichwa vya mirefu, tupa iliyochelewa. Wanaojibu si wajinga. Kila jibu liliwahi kufaa mahali fulani, kwa taa ya aina fulani, kwa mche uliorefuka kwa sababu fulani. Likitolewa bila masharti yake, linaharibu miche, na anayeumia ni mtu aliyekwisha poteza miezi miwili ya msimu mfupi.

Jua halibagui kimo, taa inabagua

Aliyezoea kitalu cha nje, iwe Lushoto au Kirinyaga, hajawahi kulazimika kufikiria umbali kati ya jani na mwanga. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka duniani. Sentimita 12 zinazotenganisha mche mrefu na mfupi hazibadilishi kitu. Mradi mmoja usimtie mwenzake kivuli, yote hupata mwanga uleule, na mkulima hubaki na kazi ya kumwagilia, kupunguzia na kuondoa kichanja cha nyasi kidogo kidogo.

Taa ya ndani inafanya kazi kwa hesabu nyingine. Tuseme imening'inizwa sentimita 10 juu ya mche wa sentimita 20. Mche wa sentimita 8 uko sentimita 22 kutoka kwenye taa hiyohiyo. Chini ya taa ndefu ya tubu, ambayo mwanga wake hupungua takriban sawa na umbali unavyoongezeka, mche mfupi unapata kama asilimia 45 ya mwanga wa mwenzake. Chini ya balbu ndogo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mwanga wa balbu hupungua kwa mraba wa umbali: mche mfupi unabaki na takriban asilimia 21. Ongeza kwamba kingo za trei hupata mwanga hafifu kuliko katikati, na utaona kwamba miche miwili iliyoachana sentimita chache inaweza kuwa inaishi katika hali mbili tofauti kabisa.

Macho hayatusaidii hapa, kwa kuwa hujirekebisha haraka kwenye mwanga hafifu na kutufanya tuone chumba chote kinang'aa. Simu inasaidia zaidi. Programu za kupima luksi si sahihi sana kwa kipimo chenyewe, lakini zinafaa kulinganisha sehemu moja na nyingine. Weka simu kwenye usawa wa majani ya mche mfupi, ikitazama juu, kisha kwenye usawa wa mche mrefu. Chini ya taa nyeupe za LED, miche ya pilipili hukua vizuri kwenye luksi 10,000 hadi 15,000 kwa saa 14 hadi 16 kwa siku. Sebule yenye taa za kawaida usiku ina luksi mia chache tu, na jua la adhuhuri Dar es Salaam hupita 100,000. Pengo hilo ndilo linaloeleza kwa nini mche ulioachwa chini ya taa ya dari huwa dhaifu hata kama chumba kinaonekana cheupe.

Mirefu kwa sababu gani?

Hapa ndipo ushauri mwingi unapoteleza. Watu wanashughulikia kimo kana kwamba ndicho ugonjwa, wakati kimo ni dalili yenye vyanzo vingi.

Chanzo cha kwanza ni ukoo. Katika jenasi ya Capsicum, binadamu amefuga spishi tano: annuum, chinense, frutescens, baccatum na pubescens. Pilipili hoho ni annuum, pilipili mbuzi ni chinense, na pilipili kichaa ni frutescens. Kwenye udongo wenye nyuzijoto 27 hivi, mbegu nzuri ya hoho huota ndani ya siku 7 hadi 10. Ya mbuzi mara nyingi huchukua wiki mbili, hata nne. Kwa hiyo trei iliyochanganya koo hizi inakuwa na tofauti ya wiki kadhaa kabla suala la taa halijaingia. Mche wa mbuzi wenye sentimita 8 pembeni ya hoho wa sentimita 20 unaweza kuwa mzima kabisa. Umri wake tu ni mdogo.

Chanzo cha pili ni kifuniko cha plastiki na mkeka wa joto. Mbegu zinataka unyevu na joto, hivyo trei hufunikwa na kuwekwa juu ya mkeka. Za kwanza zinaota, lakini mwenye nazo anangoja zilizobaki. Kwa siku hizo zote miche iliyokwisha toka inakaa kwenye joto la kuoteshea na mwanga hafifu, na hakuna namna bora ya kurefusha shina bila nguvu kuliko hiyo. Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo kinachosahaulika kuliko vyote, kwa sababu madhara yake yanaonekana wiki mbili baadaye, wakati kifuniko kimeshaoshwa na kurudishwa kabatini.

Chanzo cha tatu ni kubanana. Mwaka 1952, huko Beltsville katika jimbo la Maryland, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walionyesha kwamba mbegu za saladi huota zikimulikwa mwanga mwekundu, na mwekundu wa mbali, ule ulio ukingoni mwa uwezo wa jicho letu, hufuta agizo hilo. Kitu ndani ya mmea kinachosoma tofauti hiyo kilikuja kuitwa fitokromu. Kitu hichohicho huujulisha mche kwamba una jirani: jani hula mwanga mwekundu na kuachia ule wa mbali, kwa hiyo mche uliozungukwa na majani ya wenzake hupata taarifa kwamba kuna mashindano. Hujibu kwa kurefusha shina, hata kabla ya kuingia kivulini hasa.

Chanzo cha nne ni mizizi, na hiki huathiri ile mifupi. Udongo uliolowa muda wote huinyima mizizi hewa, na udongo baridi huifanya isinyonye mbolea vizuri. Mche wa namna hiyo hausogei, uwe karibu na taa au mbali nayo. Kuuinua juu ya kopo ni kuuhamisha tu pamoja na tatizo lake.

Kutofautisha haya kunahitaji kuinama na kuangalia mche mmoja kwa karibu. Anza chini, kwenye shina kati ya udongo na majani mawili ya mbegu. Likiwa refu, jembamba, lililopauka na kuegemea upande wa taa, mche ulikosa mwanga mwanzoni kabisa. Panda juu, pingili kwa pingili. Pingili fupi chini na ndefu juu zinaonyesha mche ulianza vizuri kisha ukabanwa au ukaongezewa joto. Mpangilio ukigeuka, ndefu chini na fupi juu, kosa lilikwisha kurekebishwa na mche hauhitaji dawa nyingine. Mche mrefu wenye shina nene, pingili za urefu unaokaribiana na majani ya kijani kibichi yaliyotandazwa, huo umekua tu. Kuuadhibu ni kupoteza wiki zilizokwisha patikana.

Kambi mbili za kamba ya taa

Wanaosema taa ifuate mche mrefu wana hoja nzito ya usalama. Jani linaloikaribia mno taa kali hupauka, hukunja kingo zake kuelekea juu na hatimaye huungua, na ncha ya ukuaji ikiungua hairudi. Taa za tubu za zamani zilikuwa na upole wa kutosha kuwekwa umbali wa sentimita 5 hadi 10, lakini paneli nyingi za LED za sasa zinataka sentimita 30 au zaidi. Udhaifu wa kambi hii ni kwamba inawapa mirefu zawadi na kuiacha mifupi ijitegemee. Kila taa inapopanda, mifupi hupoteza sehemu ya mwanga, na hapo hutokea mojawapo ya mambo mawili. Mche hudumaa, au hunyoosha shina jembamba kuutafuta mwanga. La pili ndilo la hatari zaidi kwa sababu linafurahisha. Mwenye trei anaona mfupi umewafikia wenzake, kumbe umepata urefu bila mwili.

Wanaosema taa ishuke kwa mche mfupi wanatetea wanyonge, na nia yao ni njema. Ila kwa taa iliyo juu ya trei nzima, ushauri huo hauwezekani bila kuichoma mirefu au kuiinamisha ubavuni mwa taa, ambako hupinda. Unafaa pale tu ambapo mirefu imeshaondolewa. Ndiyo kusema kambi hii, bila kutaja, inataka taa mbili.

Kuinua mifupi

Njia ya tatu ni kuacha taa ilipo na kuuleta mche kwenye taa. Makopo ya maziwa yaliyogeuzwa, vipande vya mbao, matofali, masanduku ya plastiki: chochote kinachosimama imara na kisichoharibiwa na maji kinafaa. Lengo ni kusawazisha ncha za miche. Vyungu chini vinaweza kuwa vya viwango vitano tofauti, hilo halina shida, mradi ncha zote zikutane kwenye usawa mmoja.

Nguvu ya njia hii ni kwamba inaondoa chanzo cha tofauti ya mwanga bila kugusa mmea na bila kuongeza uniti hata moja ya umeme. Inarekebishika pia: mche ukikua, kopo linaondolewa. Lakini ina sharti ambalo wanaoishauri hawalitaji. Haiwezekani kwenye trei ya kipande kimoja, ambayo tundu moja haliinuki peke yake. Lazima kila mche uwe kwenye chungu chake, na kuuhamisha mche wa pilipili ungali na majani ya mbegu tu kunataka mkono mwepesi, ushike jani, usishike shina. Vyungu vilivyoinuliwa hukauka haraka kuliko vilivyo chini, hasa kama feni inapita, na vinapoteza joto la mkeka. Nafasi nayo hupungua, kwa sababu miche iliyo kwenye usawa mmoja inagusana majani. Mtu akiinua mifupi na kuibana katikati ya mirefu, amerekebisha umbali na kuacha fitokromu ikiendelea kupiga kengele.

Ndugu ya njia hii ni kuinamisha taa. Taa ndefu ya tubu ina minyororo miwili. Mmoja ukifupishwa na mwingine ukirefushwa, taa inakaa mteremko, na miche inapangwa chini yake kwa kimo kama wanafunzi kwenye gwaride. Ni rahisi na haigharimu kitu. Kwa paneli ya mraba haifai sana, kwa sababu mwanga wake mwingi huelekea mbele na ukiinamishwa unamwagika ukutani.

Taa kali zaidi, juu zaidi

Wapo wanaoona mjadala wote huu ni wa watu wenye taa dhaifu. Hoja yao ina hesabu nyuma yake. Taa iliyo sentimita 10 juu ya ncha inaipa tofauti ya sentimita 12 uzito mkubwa. Ikiwa sentimita 60 juu, mche mfupi uko sentimita 72, na hata kwa hesabu kali ya balbu ndogo unabaki na asilimia 69 ya mwanga wa mwenzake. Kwa paneli pana unapata zaidi ya hapo. Umbali unalainisha tofauti, na kwa namna fulani taa inaanza kufanana na jua.

Bei yake iko kwenye mita ya umeme. Taa ya wati 40 ikiwaka saa 16 kwa siku kwa siku 60 inakula uniti 38.4. Ya wati 100 inakula uniti 96. Kwa mwenye miche kumi ya kula nyumbani, tofauti hiyo ni kubwa kuliko thamani ya tatizo, hasa katika miji ya Ulaya ambako umeme ni ghali. Kwa mwenye miche mia mbili ya kuuza, hesabu inageuka. Hataiinua mmoja mmoja, na muda wake una thamani. Ndiyo maana ushauri wa mkulima wa biashara na ule wa mwenye rafu moja ya jikoni haupatani, ingawa wote wawili wanasema kweli.

Kukata kichwa

Hii ndiyo njia inayogawa watu kwa ukali zaidi. Mche mrefu unakatwa juu ya jani la nne hadi la sita, machipukizi ya pembeni yanaamka, mmea unakuwa mfupi na mpana. Wanaoipenda wanaonyesha vichaka vizuri vyenye matawi mengi, na vichaka hivyo ni vya kweli.

Gharama yake ni muda. Pilipili ikiachwa hugawanyika yenyewe: hutoa majani manane hadi kumi na mawili hivi, kisha ua la kwanza, na papo hapo shina hujigawa kuwa matawi mawili au matatu. Anayekata kabla ya hapo anaurudisha mmea nyuma, na ua la kwanza linachelewa kwa wiki moja hadi mbili, pengine zaidi mwanga ukiwa hafifu. Muscat, ambako pilipili huvumilia nje majira yote ya baridi, wiki mbili hazina uzito. Minneapolis au Glasgow, wiki mbili hizo zinakatwa kwenye mwisho wa msimu, pale matunda ya pilipili mbuzi yanapoanza kubadilika rangi. Nakubali kukata katika hali moja: mche wa annuum unaowahi kuzaa, uliorefuka kwa udhaifu, wenye pingili ndefu juu na machipukizi ya pembeni yaliyo hai, ukiwa na walau wiki nne kabla ya kutoka nje. Mche wa mbuzi au wa kichaa katika nchi ya majira mafupi usikatwe.

Misaada midogo

Miaka ya 1980, Royal Heins na John Erwin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walionyesha kwamba mimea mingi hufupika pingili pale mchana unapokuwa baridi kuliko usiku, au sawa nao. Nyumbani, maana yake ni kuzima mkeka wa joto miche ikishatoka na kutoiweka trei karibu na hita inayowaka mchana. Ni bure na inafaa, ila joto likishuka chini ya nyuzijoto 15 kwa muda mrefu pilipili inadumaa.

Mordecai Jaffe alieleza mwaka 1973 jinsi mmea unaoguswaguswa unavyofupika na kunenepa shina. Feni ndogo inayotikisa majani kidogo hutoa faida hiyo, na hukausha uso wa udongo, jambo linalosaidia dhidi ya kinyausi, ugonjwa wa kuoza kwa miche michanga. Kuipapasa miche kwa mkono siipendekezi kwa pilipili. Virusi vya batobato ya tumbaku huenea kwa mikono, hasa ya mvutaji, na kiganja kimoja kinaweza kupita trei nzima.

Kufukia shina refu ni desturi iliyotoka kwenye nyanya, ambayo hutoa mizizi kwa urahisi popote shina linapogusa udongo. Pilipili hufanya hivyo polepole na kwa uchache. Kufukia hadi karibu na majani ya mbegu kunausimamisha mche dhaifu. Kupita hapo ni kuhatarisha kuoza.

Trei iliyochanganyika: nianze wapi?

Nikizipima hoja zote, naona mgogoro wa taa ipande au ishuke umeshikilia kamba isiyo na jibu. Umbali salama kwa mche mrefu unatakiwa kuheshimiwa siku zote, na baada ya hapo mche mfupi ndio usogezwe. Kwa mwenye taa moja na miche isiyozidi thelathini, kuinua kunashinda kukata, kunashinda kununua taa, na kunashinda kungoja. Ushindi huo unategemea kazi mbili zilizotangulia: vyungu vimetenganishwa ili majani yasigusane, na mizizi ya ile mifupi imekaguliwa. Mche mfupi wenye mizizi ya kahawia inayonuka hauhitaji kopo, unahitaji kukauka kidogo na kupata joto.

Mwenye taa mbili agawe kwa ukoo, hoho upande mmoja, mbuzi na kichaa upande mwingine, na apate amani. Bora zaidi, msimu unaofuata asisie koo hizi siku moja. Pilipili mbuzi na kichaa zitangulie hoho kwa wiki tatu au nne, kila ukoo kwenye trei yake, na kila mche uondolewe chini ya kifuniko siku unapochomoza. Hatua hiyo moja huondoa sehemu kubwa ya tofauti ambayo watu huhangaika nayo mwezi Machi.

Inabaki ile iliyochelewa mno, ambayo wengi hushauri itupwe. Kwa hoho nakubali. Mche wa hoho uliodumaa hadi Mei hautafidia. Kwa mbuzi na kichaa sikubali. Pilipili ni mmea wa miaka mingi, na hufa kila mwaka kaskazini kwa sababu ya baridi tu. Mche mdogo wa mbuzi ukihamishiwa kwenye chungu cha lita tatu, ukakaa nje kiangazi chote kisha ukarudishwa ndani mwishoni mwa Septemba, unaweza kuvuka baridi dirishani kwa maji machache, majani yakipukutika kwa sehemu. Machi ikifika una shina gumu na mizizi tayari, na unatoa maua wakati mbegu mpya za mwaka huo bado ziko kwenye majani manne.